Mechi ya Ishirini

Jioni dirisha la uhamisho wa wachezaji lilipofungwa, Corey Penhallurick alikuwa jikoni kwa baba yake, shambani nje kidogo ya mji mdogo wa Kadina, akimkatia mzee nyama vipande vidogo. Simu ilikuwa kando ya sahani. Kiharusi kilikuwa kimemwachia Glyn mkono mmoja na nusu ya maneno yake, lakini macho yalikuwa mazima, na tangu alasiri hayakubanduka kwenye simu ile.

Ilipolia, Dermot, wakala wake, hakusalimia.

"Imekufa, kaka. Adelaide wamegoma kuongeza dau, klabu yako wamegoma kushusha. Nimewabembeleza mpaka dakika ya mwisho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unarudi Melbourne."

Jacinta, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na binti yao mchanga begani. Alimhamishia mtoto bega la pili, akatoka nje kutazama kondoo ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Klabu ya Melbourne ilimchukua akiwa na miaka kumi na minane, ile siku ligi inapogawa vijana kwa klabu, ambapo kijana haulizwi anataka kwenda wapi. Corey alikwenda akifurahi. Kwa miaka minane, katika mpira wa kule unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, alikimbia pembeni mwa uwanja kama mtu aliyezaliwa pale, na watu walivaa jezi yenye namba yake. Kisha baba yake akaanguka katikati ya shamba la shayiri. Jacinta alihamia Kadina kumuuguza, na Corey akaomba aachiwe, akachezee Adelaide, mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Magazeti yakaandika. Mpaka wiki ile inaisha, hakuna shabiki Melbourne ambaye hakujua kwamba Penhallurick amewachoka.

Kuacha mpira kabisa asingeweza. Mvua ilikuwa imelikimbia shamba misimu miwili, na mshahara wake ndio uliokuwa ukilishikilia.

Siku ya kwanza ya mazoezi alikuta sanduku la safari limewekwa mbele ya kabati lake. Jarrah Voss, beki mwenye mabega kama mlango, alikuwa ameketi kando yake akifunga viatu.

"Tumekurahisishia, bwana. Ukitaka kuondoka tena, usihangaike kufungasha."

Chumba kizima kilicheka. Corey naye akacheka, maana angefanya nini.

Kocha Strachan alimwita ofisini baadaye.

"Sina kinyongo na wewe," alisema. "Lakini nikwambie ukweli. Ukicheza vibaya, nani atakuchukua? Ukicheza vizuri, nani atakuachia?"

Aliongea bila chuki, kama anayeongelea hali ya hewa.

Na kulikuwa na kifungu. Corey alikitia saini miaka mitatu nyuma, goti likiwa bovu, na wakati ule kilionekana fadhila kubwa: akifikisha mechi ishirini msimu wa mwisho wa mkataba, mwaka mmoja unajiongeza wenyewe. Na msimu huu ndio ulikuwa wa mwisho.

Mechi ya kwanza, mashabiki wake wenyewe walimzomea kila aliposhika mpira. Watu wazima, na skafu za klabu shingoni. Alicheza kwa hasira, na hasira ikamfaa. Kufikia katikati ya msimu wazomeaji walikuwa wachache. Kufikia Agosti walikuwa wakisimama kumshangilia. Kila siku ya mapumziko alipanda ndege kwenda nyumbani, akalala kitandani na mtoto kifuani, akarudi. Kadiri walivyompigia makofi, ndivyo alivyohisi mlango unasukumwa kumfungia ndani, taratibu, na watu wanaompenda.

Ikabaki mechi moja, ya ishirini kwake. Wakishinda, wanaingia fainali. Katika mazoezi ya mwisho msuli wa paja ulimkaza, si sana.

Dermot akapiga simu. "Mimi sijasema kitu. Lakini msuli ni wako, na hakuna mashine inayosoma maumivu."

Anneliese, mtaalamu wa viungo, alimlaza kitandani akaubonyeza mguu.

"Hapa?"

"Kidogo."

"Niangalie, Corey. Ukisema inauma, nakutoa, na hakuna atakayekuuliza."

Sentensi alikuwa ameifanyia mazoezi ndani ya gari, njia nzima. Kwenye kitanda cha jirani, Voss alikuwa akifungwa bandeji miguu yote miwili, vifundo vimevimba, anapiga soga kama kawaida. Corey alifungua mdomo.

"Niko sawa," alisema.

Robo ya mwisho, wakiwa nyuma kidogo, aliruka juu ya mabega ya mtu akaudaka mpira kwa vidole, akatulia, akaupiga katikati ya nguzo, bao la ushindi. Uwanja ukaliimba jina lake. Chumbani walishikana mabega kwa duara wakaimba wimbo wa klabu, na yeye akaimba, na Voss akammwagia maji kichwani. Strachan alimkumbatia.

"Tuko wote mwakani."

Alimpigia Jacinta akiwa bado na matope.

"Tumekuona," alisema Jacinta. "Uliruka vizuri."

"Jacinta, nilitaka—"

"Usinielezee leo. Njoo tu."

Kesho yake alikuwa Kadina. Glyn alikuwa zizini, ameegemea fimbo, akiyatafuta maneno.

"Ungesema... unaumwa."

"Ningesema, Baba."

"Mbona?"

"Sijui. Mdomo ulikataa."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alinyoosha mkono wake mzima akamshika mwanawe kisogoni, akamwachia.

Jacinta ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Barabara yote ile walimsikiliza mtoto akijiongelesha kiti cha nyuma.

"Mimi sirudi Melbourne," alisema Jacinta mwishowe. "Na sikuachi. Sijui hiyo inatuweka wapi."

"Inatuweka hapa hapa tulipo."

"Basi tuko pabaya," alisema Jacinta, akaegesha gari.

Ndani, bibi mmoja mwenye skafu ya klabu alimtambua Corey, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa kubaki, mwanangu," alisema. "Mimi nilijua moyo wako uko kwetu."

Corey alimshukuru, akamshikia begi lake, wakapanga foleni pamoja.