Kuku Wawili wa Scola

Mikono yangu imepooza tangu utotoni. Miguu ni mizima kabisa, na hiyo ndiyo iliyomkera Scola, msichana ambaye kaka yangu Gerald alimweka hapa Unyambwa anilishe na kuniogesha. Kila asubuhi alinifunga mguu kwa kamba, akaenda zake kupiga soga.

"Kuku mgeni hufungwa mpaka azoee nyumba," aliniambia.

Mgeni! Nyumba ni ya baba yangu, nimezaliwa humo. Na ncha ya pili ya kamba hiyohiyo alimfunga kuku mwekundu aliyetoka mnadani. Kamba ikapita nyuma ya nguzo, tukashinda tukivutana, yeye akitaka mchwa, mimi nikitaka kivuli.

Nilimlalamikia mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee Hezekia. Akasema Scola ananijali, hataki nipotee.

Siku ya chanjo ya kideri, Chediel, bwana mifugo, alifikia uani kwetu. Majirani walijaa na kuku wao kwapani, Hezekia akiwemo. Scola akamwamkia bwana mifugo shikamoo kwa adabu zote. Chediel hakuitikia, alikwisha kupiga magoti mbele ya kuku mwekundu.

"We Scola! Mguu umevimba hivi? Kiumbe huyu anasikia maumivu! Kuna sheria, ujue!"

Akamfungua, ncha yake ya kamba akaifunga kwenye nguzo, akampulizia kidonda dawa ya zambarau, akambembeleza.

"Na mimi?" nikauliza, nikinyoosha mguu wangu. Kidonda changu kilikuwa kikubwa zaidi.

"Pole sana, dada. Binadamu si idara yangu. Nenda ustawi wa jamii."

"Niende vipi nimefungwa?"

Majirani wakacheka. Nilipandwa na hasira hadi machozi yakanitoka. Basi nikachuchumaa.

"Ko-ko-kooo! Bwana mifugo, nihesabu kuku."

Chediel alikuna kichwa. Kisha akapiga magoti tena, akafungua kamba, akapuliza dawa. Chanjo nilikataa.

"Scola," akasema akiinuka, "kuku hawa wawili nawachukua. Wewe ufugaji umekushinda."

Scola akaruka juu. "Wawili? Huyo si kuku! Huyo ni mtu, jamani! Mtu kabisa!"

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Hezekia aliangalia viatu vyake.

"Rudia, Scola," nikamwambia. "Kwa sauti, mwenyekiti asikie."

Akarudia. Nikatoka kwenda ustawi wa jamii kwa miguu yangu miwili, mmoja wa zambarau.