Sauti ya Mkwe Wangu

Meno ya bandia ndiyo yaliyoniponza. Mjukuu wangu, yule wanayemwita Kisigino, alikuja jikoni na simu yake. "Bibi, nitegee kile kitendawili chako, nikiweke mwanzo wa wimbo." Nikamwambia asubiri wiki moja, meno yangu yako kwa fundi, sitaki watu wanisikie nikipiga mluzi. Kumbe wimbo unatoka Jumamosi, na Jumamosi haisubiri meno ya mtu.

Siku ilipofika tukajaa sebuleni kwa mwanangu. Kisigino akabonyeza simu, spika ikanguruma: "Kitendawili! Nimemtuma mjumbe asiye na miguu, kaingia kila nyumba kanitaja jina, nami sijainuka kitini!" Kisha kicheko.

Kitendawili changu, sauti ya bibi yake mzaa mama!

Nilimtazama mkwe wangu huyo pale kwenye kochi, meno yote thelathini na mawili nje. Roho iliniuma, sikufichi. Midundo ikaanza, mjukuu akaghani mbio mbio, watu wakashangilia. Mimi wala sikusikia.

"Hongera, mkwe," nikasema. "Utadhani unafukuza kuku."

"Kuku wenyewe wangenielewa. Wewe ungewapigia mluzi tu."

Simu zikaanza kuingia. Wimbo hautoi jibu, watu wanalitaka. Kisigino halijui, tangu mdogo ni mbishi, hajawahi kukubali kushindwa akanipa mji.

"Ni upepo," mkwe akasema.

"Upepo unalijua jina langu?"

"Barua basi."

"Barua ina mtu wa kuibeba."

Akakuna kichwa. Simu inaita tu. "Haya, nimeshindwa. Nakupa soko."

"Sokoni niko kila siku."

"Nakupa bandari."

"Sina safari."

Akanuna. Halafu, polepole: "Nakupa studio."

Nikasimama. "Nikaenda studio, nikakalia kiti cha kuzunguka, nikanywa maji baridi. Nikauliza nani alikuja kabla yangu, wakasema wamemsahau. Jibu ni sauti!"

Ile "sauti" ikatoka na mluzi mrefu kama birika. Watu wakaangua kicheko. Kumbe Kisigino kainua simu, ananirekodi.

"Bibi, hii inafungua wimbo wa pili."

"Ngoja kwanza meno yangu."

"Yakija sikutaki!"

Nikageuka kumtazama mkwe wangu. Kafunga mdomo, meno yote ndani.