Shangazi Colette Ananisemea kwa Psychologue

Kwetu mugonjwa haendi kwa daktari peke yake. Njo maana siku bwana yangu Steve aliniombea siku ya rendez-vous kwa psychologue, munganga wa mawazo, kule Kasha, shangazi Colette alifunga biashara yake ya samaki sambaza ku soko ya Nyawera, akavaa kikwembe, kitenge chake cha misa, akapanda nyuma yangu ku pikipiki. Mimi nilitaka kwenda bila yeye. Lakini nani anaweza kumwambia shangazi Colette abaki? Mimi sikuweza.

Nilifikiri watanipiga sindano, ao watanipa vidonge vya kulala. Aka! Chumba ilikuwa na viti na dirisha moja, basi. Psychologue mwenyewe, maman Delphine, mutu wa sauti ya chini, alitueleza: hapa hakuna dawa, hakuna kuhukumu, mambo ya hapa inabaki hapa. Utasema yenye unataka, siku yenye unataka. Ukinyamaza pia, hakuna ubaya.

"Fabiola, nini imekuleta?" aliniuliza.

Shangazi akajibu. "Maman, huyu hana kitu. Mimba iliharibika, ni mambo ya wanawake. Sasa hakule, halale, anaangalia tu. Mumwambie maji ikimwangika haizoleke. Bado kijana, atazaa wengine."

Mimba iliharibika! nilisema moyoni. Mutoto alitimiza myezi yake yote, shangazi. Alinipiga mateke mupaka ile asubui ya kuzaa. Alitoka bila pumzi, na kwetu mutoto wa vile halilizwi, hapewi jina, mama yake hamuone. Wamama wakubwa wanamubeba mbio, wanamuzika, wanarudi kupika fufu. Shangazi njo alimubeba. Waliniambia nigeukie ukuta, na mimi mujinga nikageuka. Ningesema hapana! Neno moja tu, ningemuona. Ile inanikula kila siku.

Maman Delphine alimusikiliza shangazi mupaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema mara nyingi mugonjwa anazungumuza naye bila ndugu. Shangazi anaweza kungoja ku benchi inje.

"Mimi, inje? Yesu Maria! Mimi nilimulea huyu tangu mama yake alikufa, leo munifiche siri yake?" Alikuwa tayari amesimama, anakaza kikwembe, midomo imevimba.

"Fabiola njo atachagua," maman Delphine alisema.

Wote mbili wakaniangalia. Nilikuwa nimengojea ile nafasi, kupumua kidogo bila yeye. Lakini kinywa yangu ikasema ingine.

"Abaki."

Shangazi akacheka, akakaa tena. "Umeona? Damu ni damu."

"Abaki, sababu yeye njo alimubeba," nilisema. "Shangazi, mutoto wangu alifanana na nani?"

Mwanamuke mwenye kubishana na soko muzima akageukia dirisha.

"Alikuwa na nywele? Alikuwa na pua ya Steve? Niambie hata kitu kidogo." Nilikuwa nalia, sikujali tena. Maman Delphine hakunikataza, hakuniambia Mungu atanipa mwingine. Alisogeza tu kiti yake karibu.

Shangazi aliangalia mikono yake.

"Mutoto wangu," akasema, na sauti haikuwa yake. "Nilimufunika mbio. Niliogopa. Uso yake sikuiangalia."

Kisha akafunika macho na kikwembe, akaanza kumulilia pamoja na mimi.