Ukurasa wa Nne

Wenzake darasani waliijaza fomu ya chuo kwa siku mbili. Kijiti ilimchukua siku kumi na saba, na si kwamba alikuwa mzito wa kuandika. Kalamu ilikwama mahali pamoja tu, ukurasa wa nne, penye swali: "Eleza tukio katika maisha yako lililokufanya uchague masomo haya."

Tukio alikuwa nalo. Tatizo ni kwamba halikuwa lake peke yake.

Jina la Kijiti alipewa na shangazi yake kwa wembamba wake. "Upepo ukivuma nitakufunga kamba," alizoea kumtania. Shangazi ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, wazazi wake walipofariki. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, akipanga makreti ya kuku waliogandishwa ndani ya chumba cha baridi. Jioni alisuka nywele barazani. Mikono yake ilisifika mtaa mzima: alisuka huku anasimulia, anacheka, anamkaripia mtoto wa nyumba ya tatu, na mstari haupindi.

Miaka miwili nyuma, wakati wa likizo, Kijiti alimpelekea chakula cha mchana. Akamkuta anahangaika na kreti zito, akaingia naye ndani ili amsaidie kulinyanyua. Kitasa cha ndani cha mlango ule kilikuwa kimevunjika miezi mitano nyuma. Wafanyakazi walisema mpaka wakachoka kusema, wakabuni dawa yao: kipande cha ubao kizuie mlango usijifunge. Siku hiyo mtunza ghala alipita, akaona baridi inatoka bure. Akaupiga ubao teke, akausukuma mlango, akazima taa kwa swichi ya nje, akaenda zake kula.

Giza lilikuwa zito kama blanketi bichi. Shangazi akacheka kwanza.

"Usiogope, mwanangu. Watakumbuka tu. Kuku hawajipangi wenyewe."

Akapapasa ukutani mpaka akaipata kengele ya dharura. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kimya. Wakapiga kelele, lakini mafeni yaliyokuwa juu yao yalivuma kwa nguvu, sauti zikafia palepale midomoni.

Hapo kicheko cha Shangazi kikakauka. Akavua koti lake zito, akamvisha Kijiti, akamkalisha juu ya maboksi asiguse sakafu.

"Nitajie majina ya wanafunzi wa darasani kwenu. Wote. Ukinyamaza nakuchapa."

Kijiti akataja, meno yakigongana. Alipofika mwisho, Shangazi akamwambia aanze upya. Wakati huo yeye alikuwa mlangoni, anakiparua kipande cha chuma kilichobaki pale palipokuwa na kitasa. Glavu ziliteleza, akazivua. Kijiti hakumwona, ila alisikia: ngozi inanasa kwenye chuma, inabanduka, na pumzi fupi ya mtu anayejizuia kulia. Kisha tena. Kadiri ilivyoendelea, majina yakaanza kumpotea. Alitaka kulala tu. Alihisi kwamba ulimwengu wote umekuwa chumba kile, na kwamba hakujawahi kuwa na nje.

Walikaa mle saa nzima na dakika arobaini. Aliyefungua alikuwa dereva wa lori, kaja kuchukua mzigo.

Hospitali walimkata Shangazi vidole vitatu vya mkono wa kulia. Siku ya nne Bosi akaja, mwenye kiwanda, amebeba matunda na karatasi. Karatasi ilisema kwamba Shangazi aliingiza mtoto kinyume cha utaratibu na kuuachia mlango mwenyewe ukajifunga. Akisaini, atapewa kazi ya kukaa getini, na Kijiti atasomeshwa hadi chuo. Kijiti alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Shangazi aliisoma yote, mstari kwa mstari.

"Nipe kalamu," akasema, akasaini kwa mkono wa kushoto. Bosi alipotoka, akamgeukia Kijiti. "Funika kombe, mwanaharamu apite. Tusiizungumzie tena."

Basi hawakuizungumzia. Kila mwisho wa muhula Kijiti alipeleka ripoti ya shule ofisini kwa Bosi, akasimama juu ya zulia, akasema shikamoo, akasema ahsante. Bosi hakuwa mtu mkatili. Alikumbuka siku yake ya kuzaliwa, aliuliza kama kifua kilichopigwa na baridi ile bado kinamsumbua. Angekuwa mkatili ingekuwa nafuu. Zile ahsante zilimkaa kooni moja juu ya nyingine, na kila aliposema mpya aliona nafasi ya kupumua inapungua. Shuleni hakufunga komeo la choo hata siku moja. Alimwomba rafiki asimame nje na kuimba ili asikie kuna mtu.

"Utasoma biashara," Bosi alishaamua. "Ukimaliza unarudi kwangu, unakaa ofisini. Sisi ni familia."

Lakini Kijiti alikuwa ameona kwenye orodha ya chuo masomo aliyokuwa hajui kama yapo: usalama kazini. Watu wanasomea milango, kengele, mashine, namna ya kumrudisha mfanyakazi nyumbani akiwa mzima! Aliusoma mstari ule mara nyingi mpaka karatasi ikachakaa. Kisha akatazama chini ya ukurasa wa nne, kwenye nafasi ya sahihi ya mdhamini, na mdhamini wake alikuwa Bosi. Aandike ukweli, ampelekee yuleyule asaini? Aandike uongo, akasomee kitu asichokitaka, arudi kukaa ofisini, juu ya chumba kile, maisha yake yote?

Jumamosi moja mchana aliandika. Akamsomea Shangazi aliyekuwa anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sinia pembeni.

"Unataka tukalie kuti kavu? Chana."

"Lakini Shangazi..."

"Nimesema chana."

Hakuichana. Aliificha chini ya godoro. Kwa siku nane walipishana ndani ya chumba kimoja kama wapangaji wasiojuana.

Siku ya tisa Shangazi alirudi kutoka kazini, akakaa bila kuvua viatu.

"Ubao umerudi," akasema.

"Ubao gani?"

"Mlangoni. Kitasa kimekufa tena. Nimewaona kwa macho yangu, wasichana wawili wapya, umri wako. Wanaucheka. Ile karatasi yako iko wapi? Najua hukuichana. Isome."

Kijiti akaichomoa chini ya godoro, akaisoma.

"Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Umeniandika shujaa. Hukuandika kwamba nilisaini. Niliweka sahihi yangu kuwa kosa ni langu, na kengele ikabaki imekufa. Andika. Ukiandika nusu, na wewe umesaini."

Jumatatu Kijiti alisimama tena juu ya zulia. Bosi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaenda kufunga mlango wa ofisi. Mlango ulipogota, Kijiti akatupa jicho kwenye kitasa cha ndani.

"Nani mwingine ameisoma?"

"Shangazi."

"Mwanangu, mambo haya yaliisha. Futa. Andika biashara hapa, nasaini sasa hivi." Akamsogezea kalamu. "Au nimekukosea nini? Nimekusomesha. Nimemweka shangazi yako kazini."

"Umetufaa sana, Bosi. Lakini ubao umerudi mlangoni."

"Mafundi wataitwa."

"Hata mara ile ulisema wataitwa."

Bosi hakupandisha sauti. "Kweli fadhila ya punda ni mateke," akasema, akairudisha fomu kwa Kijiti bila kuisaini.

Kijiti aliichukua. Hatua za kutoka mle zilikuwa sita. Alizihesabu. Nje alikaa kwenye ngazi na kulia, na hakulia kwa furaha. Alilia kwa sababu alijua kinachofuata.

Na kilifuata. Baada ya wiki moja Shangazi aliambiwa getini patawekwa walinzi wa kampuni. Ada ya muhula wa mwisho haikulipwa. Kijiti alipeleka fomu kwa mwalimu mkuu, mama mkali asiyepoteza maneno, akamweleza kwamba hana mdhamini tena.

Mwalimu mkuu aliweka kidole kwenye karatasi. "Hapa pameandikwa nini?"

"Sahihi ya mdhamini..."

"Malizia."

"...au mkuu wa shule."

"Siku zote hizo hukuiona hiyo 'au'?"

Hakuiona. Mtu aliyezoea kufungiwa hatafuti mlango wa pili. Mwalimu mkuu alisoma ukurasa wote kabla ya kusaini, akatia na mhuri. Akamruhusu afanye mtihani wa mwisho, kwa masharti kwamba deni litalipwa kidogokidogo.

Mwaka huo nafasi za masomo yale zilikuwa zimejaa. Kijiti alingoja mwaka mzima, akifua nguo za watu, akiamka kila asubuhi na wazo kwamba ameharibu maisha ya watu wawili kwa ukurasa mmoja. Kuhusu kiwanda, walisikia kwamba wakaguzi walikwenda mara moja tu. Walichokikuta hakuna aliyewaambia. Shangazi, ambaye hakuweza kusuka tena, alikaa barazani na wasichana wawili wa mtaani waliomfuata kutaka ujuzi, akawa anasuka kwa mdomo: "Vuta! Si hivyo, unamng'oa mwenzio kichwa!" Wateja wakaanza kurudi, mmojammoja.

Mwaka uliofuata chuo kilimwita. Wiki ya kwanza Shangazi alimpigia simu.

"Wamekufundisha nini leo?"

"Namna ya kuegemeza ngazi ukutani."

"Ngazi?" Shangazi akapaza sauti, nyuma yake wasichana wakisikika wakicheka. "Kelele zote hizi, kumbe umekwenda kusomea ngazi?"

"Na kesho kuna mtihani wake, Shangazi."

"Haya basi, kata simu ukasome. Ukifeli ngazi, usirudi kwangu."