Siku Sirai Alipotaka Kutazamwa

Nchi ya Ukende haikuwa kubwa. Ungeweza kuifunika yote kwa punje moja ya mtama, kwa kuwa ilikuwa ndani ya mwili wa mtoto ambaye bado yuko tumboni, mtoto ambaye mama yake ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuchukia harufu ya kitunguu, na ilikaa nyuma kabisa, karibu na figo, mahali ambapo jua halijawahi kufika na wala hakuna aliyelitamani. Lakini usiidharau! Ilikuwa na mabonde ya ute na mito ya damu iliyojiingilia kutoka nchi jirani ya Mezonia bila kuulizwa pasi, na raia waliozaliwa asubuhi wakawa wazee wa mtaa kufikia adhuhuri, na pilikapilika za kumfanya mtu ashike kichwa kwa mikono miwili. Na ilikuwa haijaamua itakuwa nini. Ardhi yake ilikubali miji ya aina mbili: mji wa vifuko, wa mtoto wa kike, ambao Bi Winta, mfagiaji wa nchi, alikuwa na ramani yake yote kichwani na akiuimba huku anafagia, au mji wa mirija, wa mtoto wa kiume, ambao haungeanza mpaka mtawala apulize baragumu.

Mtawala aliitwa Sirai, na kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Wote waliomtangulia, katika nchi kama hii ndani ya watoto wengine, walikuja, wakapuliza, wakaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyejengewa sanamu. Sirai alikuwa na mawazo tofauti kuhusu sanamu.

Basi akapuliza. Loo, sauti ile! Raia waliokuwa wamejikalia wakipiga soga waliruka wima, miili ikawatetemeka kwa furaha, wakawa Wakumbatiaji hapo hapo, wanacheka, wanasukumana, wanatafutana mikono. Desturi yao ilikuwa kusimama duara, migongo nje, nyuso ndani, na katikati wanamweka Mgeni. Wageni walikuwa wametembea safari ndefu kando ya utumbo, kila mmoja na furushi mgongoni, na ndani ya furushi walikuwemo watoto na wajukuu na vitukuu wote ambao siku moja wangezaliwa kutokana na yule mtoto wa tumboni. Duara likishashikana, chokaa inamwagwa nyuma ya migongo, duara linaungana na duara, na mrija unapatikana.

Kukumbatia huko hakukuwa mapenzi matupu. Kutoka Mezonia ilivuma harufu tamu, tamu mno, na Mgeni yeyote aliyeivuta aliinuka na kucheza ngoma. Mgeni anayecheza kabla ya siku yake hupasuka, na furushi lake humwagika. Kwa hiyo Wakumbatiaji waliivuta wao kwa migongo yao na kuimaliza yote njiani, ili wa ndani alale salama.

Duara la kwanza liliongozwa na Bi Satoli, mwanamke wa kicheko kikubwa na maneno mengi, na katikati yake alikuwemo Mbeyu, Mgeni mdogo kuliko wote, aliyekuwa tayari anapiga miayo. Sirai akatoka barazani kuja kupokea shukrani. Akaona migongo. Upande huu migongo, upande ule migongo.

"Mbona mnanipa migongo?"

"Ndiyo kazi ya mgongo, Mtukufu," alisema Bi Satoli bila kugeuka. "Uso una kazi huku ndani."

"Mimi ndiye niliyewaita!"

"Umeita, tumeitika, ahsante sana. Sasa nenda kapumzike, baba. Wenzio wote walikwenda."

Watu wakaangua kicheko. Hilo ndilo lililomwasha. Sirai akanyanyua baragumu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, akapuliza mara ya pili: kila uso umtazame Sirai!

Na wakageuka. Wangefanyaje? Sauti ile ilikuwa imeshaingia katika damu yao na hawakuwa na namna ya kuikataa. Mikono ikaachana, maduara yakanyooka yakawa mistari kama foleni ya zahanati, chokaa ikamwagikia miguuni, na Sirai akapita mbele ya nyuso zile kifua mbele, anapunga mkono. Alikuwa na raha isiyosemeka. Nyuma ya mistari harufu ikaingia kama mgeni wa harusi asiyealikwa, na Bi Winta akaongeza sauti ya wimbo wake, akaanza kupima sakafu kwa ajili ya vifuko.

"Bi Satoli!" Mbeyu alikuwa amesimama. "Miguu yangu hainisikii!"

"Kaa chini, mwanangu!"

"Siwezi. Tamu, Bi Satoli, ni tamu sana!"

Alikuwa anacheza, anacheka, anazunguka, na mshono wa furushi lake ukaanza kuachia. Bi Satoli aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa. Alitaka kumrukia na kumkumbatia, lakini shingo yake ilikuwa imekazwa na amri kumwelekea Sirai. Machozi yalimtiririka, na hata hivyo alicheka, maana wazo lilikuwa limemjia.

"Mtukufu! Unataka tukutazame wote?"

"Wote!"

"Kwa karibu?"

"Kwa karibu sana!"

"Basi simama pale, karibu na huyo mtoto anayecheza. Hapo tutakuona vizuri."

Sirai akaenda, amenyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha. Nao wakamtazama. Kundi la Bi Satoli likamzunguka, yeye na Mbeyu pamoja, ili limtazame vizuri zaidi, nyuso ndani, migongo nje, bega likagusa bega, mkono ukapata mkono, na chokaa ikakaza. Harufu ikakatika. Huko nje, walipoona Sirai amefichwa na ukuta na hakuna tena wa kutazamwa, kila kundi likamrudia Mgeni wake, na mirija ikaanza kuungana kwa vifijo, huku Bi Winta akirudi kwenye ufagio wake. Hakuacha kuimba.

"Vizuri," alisema Sirai baada ya muda. "Sasa fungueni mlango."

"Mlango?" Bi Satoli alishangaa kweli. "Hatujawahi kujenga mlango, Mtukufu."

Sirai akapuliza mara ya tatu. Sauti ikazunguka ukutani ikamrudia masikioni, na nyuso zote zikatabasamu kwa heshima.

"Tunakutazama," wakasema.

Miguuni pake Mbeyu alikuwa ameanguka, amejikunja juu ya furushi, na haikuonekana kama mshono umeachia kidogo au umeachia wote. Bi Satoli hakuweza kuinama kumwangalia, kwa kuwa amri ilikuwa bado inamshika shingo.

"Mtukufu," akasema, na safari hii hakucheka. "Wewe ndiye uliye karibu. Anapumua?"

Sirai akaweka baragumu chini, akapiga magoti, akaweka sikio lake kwenye kifua kile kidogo, na kwa mikono miwili akaushika mshono wa furushi usiachie zaidi.