Sofa ya Shangazi

Sofa ya Shangazi haikuwa ya kukaliwa. Ilikuwa ya kupigiwa picha. Ilikaa katikati ya sebule, nyekundu, imevikwa nailoni ile ile iliyotoka nayo dukani, na aliyeruhusiwa kuikalia ni mgeni tu aliyefika juzi kutoka nyumbani. Jumapili yake ya kwanza Shangazi humvika sweta lake jeupe la manyoya, humshikisha kikombe kisicho na kitu ndani, kisha humwambia acheke. Picha inatumwa nyumbani papo hapo. Baada ya hapo nailoni inafutwa kwa kitambaa, sweta linarudi kabatini, na mgeni anaonyeshwa anakolala.

Anakolala ni chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Kina kitanda kimoja, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na misumari ya kutundikia nguo, kila mtu na wake.

Kimbaumbau naye alipigwa picha. Jina hilo alibandikwa humo chumbani kwa wembamba wake, na likamganda. Kosa lake ni kwamba picha ya kwanza haikumtosha. Kila aliposikia baba yake ana wasiwasi aliomba akae tena pale, na Shangazi, ambaye hakuwa mchoyo wa kitu kisichomgharimu, alimvika sweta akampiga nyingine. Nyumbani picha zile zilichapishwa zikabandikwa ukutani. Mdogo wake, kitinda mimba wa baba yao, aliwatambia mashoga zake: "Huyu dada yangu. Huko wanaishi hivi." Ungemlaumu? Hakuna aliyewahi kumtumia picha ya msumari.

Na usidhani Shangazi alikuwa mtu baki. Alikuwa shangazi wa damu, dada yake baba, tumbo moja. Ndiye aliyepiga simu akasema, "Mlete kwangu. Kazi zipo, na mahali pa kulala pamepatikana." Ukoo mzima ukamwombea dua. Yeye mwenyewe alipofika huku zamani alilala juu ya maboksi nyuma ya jiko la watu, na hakuacha kulisema. Ukimlalamikia jambo lolote, hata bomba linalovuja, utaletewa yale maboksi.

Mwanzoni kitanda kile hakikuwa na ugomvi. Kimbaumbau alifanya kazi mchana kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya mahoteli. Mwenzake, mwanamke mnene mwenye maneno aliyeitwa Bonge, alifanya kazi hapo hapo usiku. Mmoja akiamka, mwingine analala. Walikutana mlangoni asubuhi kila mtu na njia yake. "Nimekupashia godoro, mama," Kimbaumbau humwambia, na Bonge hucheka huku macho yanamfumba. Kila mmoja alilipa kodi nzima, kana kwamba kitanda ni chake peke yake.

Kisha umeme ukapanda bei, dobi likafunga zamu ya usiku, Bonge akahamishiwa mchana. Sasa wakawa wanalala wote wawili kwa wakati mmoja, Bonge kwa nje, Kimbaumbau amebandikwa ukutani, akitaka kugeuka lazima amwamshe mwenzake wageuke pamoja. Akamfuata Shangazi.

"Shangazi, siku hizi tunalala wawili. Naomba kodi tugawane."

"Kodi ni ya kitanda au ya mtu?" Shangazi aliuliza, wala hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Ya… kitanda."

"Ya mtu, mwanangu. Wewe umeacha kuwa mtu? Mimi hapa nililala kwenye maboksi."

Lakini maneno yale yalimtia Shangazi wazo. Kama wawili wanalala usiku, basi mchana kitanda kinakaa bure, na Shangazi hakuweza kuona kitu kinakaa bure chini ya paa lake. Wiki haikwisha, akaletwa mwanamke mpole anayefagia maofisi usiku kucha, wakamwita Popo. Mchana akawa analala Popo. Kitanda kimoja kodi tatu. Bonge alisema kitanda kile kinachapa kazi kuliko wao na kinastahili likizo.

Kimbaumbau hakucheka. Wewe fikiria, mtu anashinda amesimama mbele ya mashine ya kupiga pasi mashuka, yeye ncha hii na Bonge ncha ile, wanayavuta, wanayanyoosha, wanayaingiza kwenye silinda ya moto, shuka baada ya shuka, meupe pe, ya vitanda ambavyo mtu mmoja analala akajinyoosha kama msalaba. Mvuke ulimchubua vidole mpaka vikawa laini, alama zimefutika, hata simu yake yenyewe ikakataa kumtambua kila anapoigusa. Halafu jioni anarudi kubandikwa ukutani. Na hela? Huku mkate umepanda, kule unga umepanda, kilichobaki pale pale ni mshahara. Alichokipata alikikata vipande viwili, kimoja kwa Shangazi, kingine nyumbani kwa ada ya mdogo wake. Ile ada ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Mmoja wao angesoma akamaliza, na huyo asingemjua Shangazi ila kwa simu.

Siku moja msimamizi wa dobi alizima mashine akawaita wote. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na akitabasamu ujue kuna mtu ataumia.

"Wapya wanakuja," alisema. "Wamekubali malipo ya chini kuliko haya yenu. Sasa mimi si mtu mbaya, simfukuzi mtu. Ila kuanzia siku watakapofika, wote mtalipwa sawa na wao. Asiyeridhika, mlango ule pale."

"Hao wapya wanatoka wapi?" Bonge aliuliza.

"Si kwenu? Muulizeni huyo mama mwenye nyumba yenu. Ndiye anayetuletea watu, na kwa kila kichwa ana chake."

Kimbaumbau alirudi nyumbani anatoka moshi. Alimkuta Shangazi amechangamka, anafuta sofa.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Jumapili tunapiga simu ya video nyumbani. Mdogo wako anakuja!"

Maneno yote aliyokuja nayo yalimpotea. "Anakuja wapi?"

"Hapa. Dobini kwenu. Nauli nimeshatuma, atanilipa polepole."

"Na shule?"

"Shule itampa nini?"

"Atalala wapi, Shangazi?"

"Mahali pa kulala pamepatikana." Akaelekeza kidevu kwenye chumba cha nyuma. "Usiku mna nafasi. Wewe mwenyewe mwembamba."

Kimbaumbau alitoka nje akampigia baba yake. Alimweleza kwa upole kwanza, kisha bila upole. Kwamba asimruhusu. Kwamba kazi ni mbaya na malazi ni mabaya zaidi. Baba alisikiliza, akakohoa.

"Unamwonea mdogo wako kijicho?"

"Baba!"

"Wewe umekaa kwenye sofa, umevaa manyoya, mwenzio abaki huku anakula vumbi? Sikukulea hivyo."

"Baba, ile sofa ni ya picha tu. Hatuikalii."

"Nimekuona kwa macho yangu umeikalia. Tena umecheka." Na akakata.

Alisimama pale barabarani na simu sikioni, akajitukana kwa kila jina alilolijua. Maana kweli alicheka. Hakuna aliyemshikia bunduki. Alicheka ili wazee walale usingizi, na sasa kicheko kile kinakwenda kumchukua mdogo wake shuleni.

Jumapili ikafika. Shangazi alitoa sweta, na Kimbaumbau akalivaa bila kubisha, jambo ambalo lilipaswa kumtia Shangazi wasiwasi. Simu ikaita, kioo kikajaa watu. Baba kavaa shati la pasi. Majirani wamejazana nyuma yake. Mbele kabisa mdogo wake, kasukwa upya, macho yanang'aa.

"Shikamoo dada! Umependeza!"

"Mnamwona?" Shangazi alisema huku ameinua simu juu ili sofa yote ionekane. "Nasikia kuna maneno yanapita huko. Haya, muulizeni mwenyewe. Huyu anateseka?" Na akampa simu.

Kimbaumbau akainuka, nailoni ikalia chini yake. "Njooni niwaonyeshe nyumba," alisema, akaanza kutembea.

"Huko hakuna mtandao!" Shangazi alipiga kelele. "Mtandao uko sebuleni!"

Mtandao ulikuwepo tele. Mlango wa stoo aliufungua kwa teke. Popo alikuwa amelala kajikunyata, na Bonge, kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko na hana pengine pa kwenda, alikuwa kajinyoosha kando yake, mguu mmoja unaning'inia nje.

"Tazameni vizuri. Hapa ukutani, palipo na hili doa, ndipo pangu. Doa hilo ni la kichwa changu. Hapa analala huyu dada mnene, nisamehe mwenzangu. Mchana analala yule. Hatufukuzani, tunapokezana kama ndoo kisimani. Wote watatu tunalipa, na kila mmoja analipa kitanda kizima. Huu msumari ndio kabati langu. Hili sweta si langu, ni la Shangazi, na ninyi wote mlioletewa picha, watoto wenu walivaa hili hili. Kikombe hakikuwa na kitu. Nilidanganya! Nimewadanganya tangu nifike, mimi na kucheka kwangu!" Akaigeuzia simu usoni mwake. "Na wewe mdogo wangu, nisikilize. Msimamizi anamlipa Shangazi kwa kichwa chako. Ukifika, mshahara wangu unashushwa uwe kama wako. Unakuja kulipwa kidogo ili na mimi nilipwe kidogo. Umenielewa? Rudi darasani. Ada nitatuma hata nikilala kwa kusimama."

Kule nyumbani mtu mmoja akasonya. Baba aliinamisha uso, akawa anaangalia vidole vyake. Shangazi, mlangoni, alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hata maboksi hayakutoka.

"Dada," mdogo wake akasema. "Sogeza simu kidogo. Hapo kitandani."

Akasogeza.

"Godoro ni la sponji?"

"Ndiyo, lakini…"

"Mvua haiingii humo?"

"Haiingii."

"Na jioni mnakula?"

Kimbaumbau alimtazama. Kwa nini mashavu yake yameingia ndani hivyo? Alikuwa amezitazama nywele tu. "Tunakula," alijibu.

"Basi mimi nitalala miguuni, dada. Sijigeuzigeuzi." Mtoto alimtupia baba jicho la haraka. "Shule niliacha kitambo. Hela zako zinaishia kwenye unga. Baba alisema usiambiwe, utavunjika moyo."

Baba hakuinua uso.

Kimbaumbau amwambie nini? Kwamba kitanda ni kibaya? Ameshakiona, na amekitamani. Shangazi alikuja taratibu akachukua simu yake mkononi mwa Kimbaumbau kwa upole, kama mtu anayechukua kisu kwa mtoto.

"Mmeona wenyewe," aliwaambia wa nyumbani kwa macho makavu. "Mimi sifichi kitu kwangu. Basi tutampokea." Akakata.

Kisha akageuka. "Umemaliza? Vua sweta langu."

Kimbaumbau akalivua, akalitundika kwenye ule msumari. Akachukua mto wake, akachukua blanketi, akachukua kinguo chake kilichokuwa kimetundikwa pale, akampita Shangazi mlangoni bila kumgusa. Alipofika sebuleni aliikamata nailoni ya sofa kwa mikono miwili, vile vile anavyokamata ncha za shuka kila siku ya kazi, akaivuta. Ilipasuka kwa kelele mpaka Popo akaamka. Akaitupa miguuni pa Shangazi, akaweka mto, akajilaza na viatu vyake, akajinyoosha. Kitambaa kilikuwa laini. Hakuwa amelijua hilo, muda wote ule alikuwa akikalia plastiki.

"Toka hapo!" Shangazi alifoka. "Toka! Nitampigia baba yako!"

"Mpigie. Na msimamizi wako mpigie, anakulipa kichwa cha mdogo wangu, mwambie changu akikate akitaka." Hakupaza sauti tena. "Uliniambia kodi ni ya mtu. Mimi ni mtu, na nimelipa. Mdogo wangu akifika atalala pale pangu ukutani, na kwa mahali pale hutamdai hata senti, kwa sababu pamelipiwa. Mimi nitalala hapa. Si ndivyo picha zilivyosema?"

"Nitakutupa nje!"

"Utanitupa na nani?"

Bonge alikuwa amefika mlangoni na blanketi begani, Popo nyuma yake anajifikicha macho. Bonge akaja akamsogeza Kimbaumbau miguu, akakaa, na sofa ikaguna. Popo alisita, akamwangalia mwenye nyumba, halafu naye akaja akakaa kwenye mkono wa sofa, pembeni kabisa, mikono mapajani.

Shangazi aliokota nailoni yake iliyochanika. Alitazama huku na huku katika sebule yake, na hapakuwa na pa kukaa.