Piano Iliyoshusha Okestra

Mjomba alikuwa na taratibu zake za kusikiliza. Koti analivua, kamba za viatu anazilegeza, kisha anafumba macho na kumwambia mpwa wake, "Haya mama, niletee wagombea."

Wagombea walikuwa kanda tatu za konseto moja, piano pamoja na okestra nzima, zilizorekodiwa na wapigaji watatu tofauti zamani, kabla mpwa hajaajiriwa kutunza maktaba ya kanda ya redio. Rafu zilikuwa zimejaa, na wakubwa walitaka ibaki moja, mbili zitupwe. Neno hilo "zitupwe" lilimkera mpwa kwelikweli, ndiyo maana akamwita mjomba wake aje kumsaidia kuchagua.

Ya kwanza waliibatiza Mkimbilia Basi, maana mpiga piano alikimbia kama anayeachwa na basi. Ya pili wakaiita Bibi Harusi, kwa jinsi ilivyojivuta.

"Na ya tatu?" mpwa aliuliza.

"Hiyo tupa. Usipoteze umeme."

Ya tatu ilikuwa na mkono wake. Miaka thelathini na moja nyuma, mjomba ndiye aliyekaza nyuzi za piano ile asubuhi ya tamasha. Na piano, ikishakazwa, haimfuati mtu. Wenye fidla na wenye zumari ndio hujipanga kwa sauti yake. Ukumbini hakuna aliyenung'unika. Lakini wiki iliyofuata redio iliporudia tamasha, mwalimu mmoja wa muziki akaandika gazetini kwamba okestra nzima ilikuwa chini ya sauti inayotakiwa, na wa kulaumiwa ni fundi wa piano. Mjomba alichukua uma wake wa chuma, ule wa kupimia sauti, akaugonga kando ya redio. Kweli, piano ilikuwa chini. Wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; mjomba hakuivutia hata kidogo. Alikubali kosa, akazihama kumbi, akabaki na piano za shule na za majumbani, zile ambazo watoto huzimwagia chai.

"Mimi situpi kitu sijakisikia," mpwa alisema.

Ukaidi huo aliurithi kwa mama yake, dada wa mjomba, na mjomba alikuwa ameshindwa nao tangu utotoni. Akafumba macho tena.

Mpwa aliirudisha kanda mpaka mwanzo kabisa. Waliokuwa wakiirudia hewani walianzia kwa mtangazaji, lakini kabla yake kulikuwa na ile milio mifupi ya kutangaza saa: pii, pii, pii. Mjomba akafumbua jicho moja.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Hiyo milio iko chini."

"Mjomba jamani, usianze..."

"Iko chini, nakwambia! Na hiyo sikuikaza mimi!"

Wakatazamana. Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita, na milio ya kituo kile haikuwahi kubadilishwa tangu kianzishwe. Mpwa aliwasha redio ndogo ya mezani, wakakaa kuisubiri saa nane. Ilipolia, mjomba hakuhitaji uma kujua kwamba milio ya leo iko juu kuliko ya kwenye kanda. Mpwa aliicheza tena kanda huku akizungusha kitufe cha mwendo, taratibu, mpaka milio ya zamani ikafika sawa na ya leo.

Basi mambo yalikuwa hivi: mashine iliyorekodi ilikuwa ikikimbia kupita kiasi, kwa hiyo kwenye mashine yenye mwendo sahihi kanda ilijikokota, na kila kitu kikashuka, piano, okestra, hadi sauti ya mtangazaji. Masikio ya mwalimu yalikuwa mazima. Kidole chake tu ndicho kilichomnyooshea mtu asiye na kosa.

Mpwa alipandwa na hasira ya miaka thelathini na moja, yote kwa mara moja. Mjomba hakuwa na nafasi ya hasira. Konseto ilikuwa imeanza, na kumbe siku zote hizo hakuwahi kumsikia mpiga piano. Alikuwa akilisikia kosa lake mwenyewe tu. Huyu hakukimbia wala hakujivuta. Ilipofika sehemu ya pili, ile ya polepole, machozi yalimtoka mzee waziwazi, na mpwa akampenda kuliko alivyowahi kumpenda.

"Hii ndiyo inabaki," alisema.

"Sshh!" Mjomba aliinua kidole. "Umesikia hapo? Uzi mmoja, wa juu."

"Sijasikia kitu."

"Umelegea kidogo. Huo ni wangu kweli." Alijifuta macho kwa kiganja, akicheka. "Chukua kalamu, mama, andika kwenye jalada. Uzi mmoja wa juu umelegea. Halafu andika jina la fundi, majina yote matatu."